Kizimba Kisichonuka

4 Januari

Mwanangu,

Natumaini umefika salama, umepata kitanda kisicho na kunguni, na kwamba wakubwa wa kiwanda chenu cha sare wanawapa chakula cha kushibisha. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo mimi na wewe tulishakubaliana kutolizungumzia.

Mtoto wako Chiriku amefika. Mnyama wake naye amefika, katika kizimba ambacho ningekuwa bado kazini ningekiandikia ripoti. Najua uliondoka kwa haraka. Hata hivyo, maranda ya kwenye trei yalikuwa yameganda kama mkate wa wiki iliyopita, na katika pembe za nyuma mkojo ulikuwa umekauka ukawa mweupe kama chokaa. Nimewahi kuwaachisha watu kazi kwa mambo madogo kuliko hayo.

Uliponiambia kwamba chinchila ni jamii ya panya, nilikasirika. Nilipomwona, hasira iliisha. Ni panya aliyevaa koti la tajiri. Manyoya yake ni mazito hata kidole kinapotea ndani, na ana namna ya kusimama kwa miguu miwili na kumtazama mtu kama karani anayesubiri umalize kujieleza. Chiriku anamwita Pamba, nami sina pingamizi.

Nimebandika ratiba ukutani, kama ile ya wodini. Kila asubuhi: kuokota kinyesi, kuondoa maranda yaliyolowa, kubadili nyasi kavu, kuosha chupa ya maji. Kila Jumamosi: kutoa kila kitu, kuosha trei na vibao anavyorukia, na kukausha kabisa kabla ya kurudisha. Chiriku amenionya kwa ukali kwamba Pamba hapaswi kulowa hata unywele mmoja. Huoga kwa kujigaragaza katika bakuli la vumbi laini, dakika kumi, basi. Mnyama anaoga vumbi ili awe safi! Nimefanya kazi ya usafi wa hospitali miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kutukanwa namna hii.

Karatasi yako ya maelekezo inasema trei ioshwe kwa siki na maji ya moto. Siki ni ya saladi. Mimi nitatumia klorini, kipimo kilekile nilichowafundisha vijana wangu, na glavu mikononi.

Nimempa mtoto sharti moja tu, tukiwa tumesimama mbele ya kizimba: siku kitakaponuka, mnyama ataondoka katika nyumba hii. Alinitazama, akasema, "Hakitanuka, Babu." Nimelipenda jibu lake.

Nyumba imeanza kuwa na sauti. Tangu mama yako atutoke nilikuwa nikiisikia saa ya sebuleni nikiwa bafuni. Sasa siisikii.

Baba yako


19 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa habari na mara moja kwa kucheka. Goti linaendeleaje? Samahani, nimesahau, hatulizungumzii.

Mimi nipo, namshukuru Mungu. Hapa nimepangiwa kola. Asubuhi kola, mchana kola. Hata nikikaa mezani kula, vidole vinaendelea kukunja kitu ambacho hakipo. Wenzangu ni wazuri, ila yule wa kitanda cha juu anakoroma kama cherehani iliyokosa mafuta. Mkataba ni mpaka Oktoba na sitauvunja, maana nikiuvunja sitaitwa tena.

Mama mkwe ameniandikia. Analirudia ombi lake la siku zote, kwamba Chiriku akakae kwake, kwa kuwa tangu mwanawe afariki hana mwingine. Nimemjibu kwa heshima kwamba mtoto yuko kwa babu yake mzaa mama, na kwamba babu huyo ni msafi kuliko sabuni yenyewe. Kwa hiyo Baba, usiniangushe. Yule bibi anatafuta sababu moja tu.

Sasa nakuomba kitu, na usinune. Tumia siki. Yule mama niliyekuwa namfanyia kazi, aliyempa Chiriku huyu mnyama alipohama, alinionya kwamba dawa kali zinamwumiza. Mapafu yake ni madogo, Baba. Kizimba si wodi ya upasuaji.

Mbusu Chiriku wangu. Mwambie asiandike barua zake kwa penseli, zinafutika njiani.

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, lakini inasomeka. Nafurahi kwamba u mzima. Kuhusu huyo anayekoroma, mgeuze alalie ubavu. Ni ushauri wa bure wa mtu aliyefanya kazi katika wodi ya wanaume.

Huku ni kuzuri. Kizimba kinang'aa kiasi kwamba naona aibu kumrudisha mnyama ndani. Nimeongeza usafi mkubwa ukawa wa kila siku mbili, badala ya Jumamosi pekee. Kila nikimaliza namwita Chiriku, namsimamisha mbele ya kizimba, ananyoosha shingo kama mkaguzi wa wizara. Namtazama usoni, kisha natia alama ya vema kwenye ratiba. Mpaka leo hakuna siku iliyokosa alama.

Mtoto ana kikohozi kidogo. Ni vumbi la barabara ya shuleni. Pamba naye anapiga chafya, basi wanapokezana zamu, huyu akimaliza yule anaanza, na tunacheka.

Fundi saa, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuja juzi kurudisha koleo. Hakuvuka kizingiti cha chumba cha mtoto. Alisema, "Mzee, humu kunakata macho. Unaosha kizimba au unaosha maiti?" Nilimwambia pua isiyouzoea usafi huuogopa, na kwamba mtu anayekula mkate kwa mikono yenye grisi ya saa hana haki ya kunikagua. Akaenda zake akicheka. Nilimwona akimwita Chiriku pembeni, lakini sikusikia walichosema.

Mwambie mama mkwe wako kwamba mtoto ana kitanda chake, meza yake na babu yake. Na mama mkwe mwenyewe msalimie.

Baba yako


25 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mimi afya ninayo, ila moyo haujatulia, ndiyo maana leo sina mzaha.

Chiriku ameniandikia. Hajakushitaki, usimkasirikie. Ameandika tu kwamba siku hizi kazi za shule anazifanyia kwenye ngazi za fundi saa "kwa sababu kuna mwanga". Baba, chumba chake kina dirisha kubwa kuliko yote katika nyumba ile. Kisha chini kabisa ameandika: "Mama, macho yakiwasha sana mtu anaweza kuwa kipofu? Usimwambie Babu nimeuliza."

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ulinichukua kazini siku ya likizo. Ulikuwa ukimfundisha mfagizi mpya. Ulishika chupa ya klorini mkono mmoja, na mkono mwingine ukamwonyesha chombo cha mkojo cha mgonjwa, ukasema, "Hivi viwili havikutani kamwe. Vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu. Kwanza maji, maji, maji, mpaka harufu ya mkojo iishe. Ndipo dawa." Nilikuona mkubwa kuliko madaktari wote.

Kwa hiyo nakuuliza kama mtoto wako: unahakikisha mkojo umeisha kabla ya kuweka dawa? Unahakikishaje?

Na nina swali jingine, Baba, nalo nimelibeba tangu msiba wa Mama. Siku ile ya tatu maharage yaliungua jikoni mpaka majirani wakaja mbio. Wewe ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka jikoni, unasoma gazeti. Tulisema ni huzuni. Ilikuwa huzuni?

Mwanao anayekupenda


3 Machi

Mwanangu,

Nimeipata barua yako. Mimi ni mzima.

Katika miaka thelathini na mmoja hakuna metroni, daktari wala mkurugenzi aliyewahi kuniuliza kama najua kazi yangu. Sikutazamia kwamba wa kwanza angekuwa mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kufua soksi.

Trei inaoshwa kwa maji mara tatu kabla ya dawa. Vibao vinaoshwa kwa maji mara tatu kabla ya dawa. Mtoto anakula, analala, anaenda shule. Kikohozi kinaendelea kupungua.

Kuhusu maharage, ilikuwa huzuni.

Baba yako


18 Machi

Mwanangu,

Nilikupigia simu juzi nikakwambia mtoto hajambo na kwamba mengine nitaandika. Kuna mambo ambayo sikuweza kuyasema sauti yako ikiwa sikioni mwangu. Chiriku yu mzima, anapumua vizuri, na yuko kwa mama mkwe wako. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Sasa soma ukiwa umekaa.

Jumatatu nilimaliza usafi mkubwa, nikarudisha vibao, nikamwita mtoto kwa ukaguzi. Alisimama kama kawaida. Nilimtazama usoni, ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi. Nikageuka kutia alama ya vema. Nilisikia kitu kikianguka nyuma yangu. Alikuwa amepiga magoti, ameshika kifua, anavuta pumzi kwa sauti ya filimbi, na midomo imeanza kubadilika rangi. Fundi saa alinisikia nikipiga kelele. Alimbeba yeye, kwa sababu ya goti langu, tukaenda zahanati mbio.

Walimpa hewa. Baada ya saa moja alianza kuzungumza, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Babu, Pamba asiondoke."

Daktari aliniuliza nguo zangu zimemwagikiwa na nini. Nikasema hazijamwagikiwa na kitu. Pale zahanati anafanya kazi mwanamke niliyemfundisha miaka mingi iliyopita, tuliyemwita Ndoo kwa kuwa hakuwahi kuiacha ndoo yake popote. Alisikia jibu langu. Akaniita koridoni, akaleta vitambaa viwili vilivyolowa, kimoja mkono huu na kimoja mkono ule. Akasema, "Mzee wangu, kipi ni cha maji?"

Nilinusa cha kwanza. Nilinusa cha pili. Nikachagua.

Ndoo hakusema kwamba nimekosea. Alinikunjia mikono ya shati iliyokuwa imelowa klorini mpaka kwenye kiwiko, akanifunga kanga yake mabegani, akasema, "Tangu lini?"

Ni miaka tisa, mwanangu. Pua yangu ilikufa kidogo kidogo, na miaka minne ya mwisho kazini nilifanya kazi bila pua. Hakuna aliyejua, isipokuwa mama yako. Msimamizi wa usafi asiyenusa ni kama dereva asiyeona. Wangenitoa siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilijifunza njia nyingine. Nilikuwa naingia wodini na mfagizi mpya, namsimamisha mlangoni, namtazama usoni. Pua ikikunjika, au jicho likipepesa, najua hapajawa safi. Niliweza kujua hata ni kitanda cha ngapi, kwa kufuata macho yake. Watu walisema mzee ana pua ya mbwa. Nyumbani mama yako alinitazama yeye mwenyewe kabla sijamtazama, akaniambia, "Maziwa yameharibika," au, "Gesi umeiacha." Alipofariki nilimzika pamoja na pua yangu. Haikuwa huzuni. Naomba unisamehe kwa kusema uongo juu ya maharage ya msiba wa mama yako.

Chiriku alipokuja, nilimfanya yeye kuwa pua yangu bila kumwambia. Na siku ileile ya kwanza nilimwambia kwamba kizimba kikinuka, mnyama ataondoka. Unaona nilichokifanya? Jana nilimwuliza ilikuwaje. Alisema alikuwa akivuta pumzi nyingi mlangoni, anaingia, anaibana, na anaufanya uso "kama wa kwenye picha ya shule". Alijifunzia mbele ya kioo. Fundi saa alipomwita pembeni na kumwuliza, alimjibu kwamba kunanukia vizuri. Wafagizi wangu wote hawakuwahi kunidanganya kwa sababu waliniogopa. Huyu alinidanganya kwa miezi miwili kwa sababu aliogopa kupoteza vitu viwili, na kimoja ni mimi.

Utauliza, na maji mara tatu? Nilimwaga. Sikusema uongo. Lakini wodini tulikuwa na chuma na plastiki, vitu visivyokunywa. Vibao vya Pamba ni vya mbao. Mbao imenywa mkojo wake tangu alipokuwa kwa yule mama, imeushika ndani, na nje inaonekana nyeupe kabisa. Mtu mwenye pua angejua kwa pumzi moja. Mimi nilivilaza katika klorini, nikavirudisha vikiwa na ile hewa, katika chumba ambacho tulifunga dirisha ili mnyama asipigwe na upepo. Macho yangu nayo yaliwasha, nikasingizia uzee.

Uliandika karatasi ya maelekezo. Ulisema siki.

Mimi sijambo. Sina haki ya kuwa na shida.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimepata barua yako. Sikuweza kuijibu mapema. Nilishona kola ishirini nje ndani, msimamizi akanipa siku moja nikae bwenini.

Nina hasira, sitakuficha. Si kwa ajili ya pua. Ni kwa ile barua ya tarehe tatu. Nilikuuliza swali, ukanijibu kama mkurugenzi.

Mama mkwe ameandika pia. Hakufurahia yaliyotupata, namsifu kwa hilo. Ameandika mstari mmoja tu: "Mtoto anakula vizuri, lakini haongei." Chiriku haongei, Baba.

Pamba yuko wapi? Mama mkwe hataki mnyama nyumbani kwake. Na jikoni, nani anakunusia gesi? Usinijibu kwamba hayo hayanihusu.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Hasira yako ni halali. Sitaijibu.

Pamba yuko kwangu. Chafya zimekwisha. Seremala amemtengenezea vibao vipya, vya zamani nimevichoma. Sasa naosha kwa siki na maji ya moto, kila Jumamosi, nakausha juani, nabadili maranda. Klorini nimempa Ndoo.

Kila asubuhi fundi saa anakuja kabla ya kufungua duka lake. Ananusa kizimba, kisha ananusa jiko. Mimi natoka nje wakati ananusa, sijazoea kumwona mtu akifanya kazi yangu katika nyumba yangu. Anasema, "Mzee, leo panya wako ananukia kuliko mimi." Namwambia hiyo si sifa.

Saa ya sebuleni naisikia tena nikiwa bafuni.

Baba yako


20 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Pamba je? Fundi saa je? Mwambie nimemshonea kola bila shati, atafute mwenyewe pa kuiweka.

Hasira imepungua, siwezi kusema imekwisha. Nina habari. Daktari amempima Chiriku tena, mapafu yanaendelea vizuri, ingawa mbio bado asikimbie mpaka mwisho wa mwaka. Na Chiriku ameniandikia kurasa tatu, kwa kalamu ya wino. Kurasa zote tatu ni maombi ya kurudi kwako. Mama mkwe mwenyewe amechoka kumwona anavyokaa dirishani. Amesema, "Sitamfunga mtoto wa mwanangu kama mnyama. Akitaka kwa babu yake, aende."

Kwa hiyo nimefikiri. Siki ipo, vibao vipya vipo, fundi saa yupo. Muhula ukifunguliwa, aje. Jumamosi ya kwanza ya Juni mama mkwe atamleta akutembelee, umwone, halafu uniandikie neno moja tu, nami nitamwambia afunge mizigo.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima, na kwamba kola zinashonwa upande wake. Mimi sijambo. Pamba hajambo. Umeniomba neno moja, lakini nitahitaji zaidi.

Jumamosi alikuja. Amerefuka. Alinikumbatia kiunoni akasahau kuniachia, tukatembea mpaka ndani tukiwa hivyo, kama watu wawili waliofungwa kamba. Aliongea njia nzima. Hata fundi saa, ambaye hujiona msemaji, alikosa pa kuingilia.

Sasa nitakwambia nilichokifanya, na unihukumu utakavyo. Zamani, kabla ya kumkabidhi mfagizi wodi, nilikuwa namwachia mahali pamoja pachafu makusudi, nione kama atapasema. Nilifanya vivyo hivyo. Trei ya Pamba sikuigusa tangu Jumanne. Mnyama mwenyewe nilimhamishia kwa fundi saa asubuhi hiyo, asiumie. Chumbani nilifungua dirisha, na dawa hakukuwa na yoyote. Kulikuwa na mkojo wa siku nne tu. Ubaya wake ni harufu, basi.

Nilimketisha kwanza. Nilimwambia sharti lile nimelifuta, Pamba ni wake hata kizimba kikinuka mpaka barabarani, wala hakuna atakayemfukuza mtu. Nilimwambia babu yake hanusi, na kwamba namhitaji aseme kweli. Alisema ameelewa. Nilimwamini, na nadhani hata yeye alijiamini.

Kisha nikamsimamisha mbele ya kizimba. Fundi saa alikuwa nyuma yake, kwenye kizingiti, ameziba pua kwa mkono wa shati, macho yanamtoka machozi.

Nikamwuliza, "Kunanuka?"

Aliufanya uso wake kama wa kwenye picha ya shule. Akasema, "Hakunuki, Babu. Ni pasafi kabisa."

Nilimshukuru. Nilimpa chai, akacheza na Pamba kwenye ngazi za fundi saa, jioni bibi yake akamchukua. Alipunga mkono mpaka kwenye kona.

Mtoto anayenipenda kiasi hicho hawezi kuishi na mimi. Usimrudishe mpaka siku atakayoweza kunitazama usoni na kuniambia kwamba nyumba yangu inanuka.

Baba yako